Pumzi kabla ya dizeli: malori makuukuu na milima ya Bumbuli

Aliyekulia kando ya barabara ya Mombo kwenda Soni hahitaji kutoka nje ili ajue ni gari gani linapanda. Hulisikia tu. Canter isiyo na mzigo hupita kwa mlio mwembamba, na husahaulika kabla haijafika kona inayofuata. Fuso iliyobeba saruji huanza kusikika ikiwa bado kona tatu chini. Inashuka gia ya tatu, ya pili, mwisho ya kwanza, na utingo ameshateremka, anatembea nyuma yake na gogo mkononi, tayari kuzuia tairi. Kisha unakuja moshi. Ni mweusi na mzito, hulala juu ya migomba, na watoto wanaokwenda shule kwa miguu pembezoni mwa barabara huvuta kola za mashati wakaziba pua hadi lori lipite.

Ukimuuliza dereva, atakwambia gari limechoka. Mwenye gari atasema pampu imelegea, fundi aongeze mafuta kidogo. Fundi akikubali kuongeza, moshi utazidi na mlima utabaki palepale. Wote watatu wametazama tangi la mafuta, na hakuna aliyeuliza habari za hewa.

Injini kuukuu inayofanya kazi mlimani kwa kawaida haina njaa ya dizeli. Imepungukiwa pumzi. Na pumzi ya injini hupita sehemu mbili: njia inayoingizia hewa, na hedi ya silinda yenye milango ya kuipokea hewa hiyo na kuutoa moshi. Mwenye lori la zamani anayetaka lipande vizuri aanzie hapo, na kabla hajanunua chochote, apime.

Bumbuli, katika milima ya Usambara, ni mahali pazuri pa kulisemea jambo hili, kwa sababu huku lori halina safari ya kupumzika. Kabichi, karoti, viazi na nyanya hushuka kwenda Tanga na Dar es Salaam. Vinavyopanda ni saruji, nondo, mabati, mbolea, unga na soda. Kwa hiyo gari hupanda likiwa zito kwa vitu vya dukani, na hushuka likiwa zito kwa vitu vya shambani. Ndani ya milima yenyewe kuna kazi ya tatu, ya majani mabichi ya chai yanayotoka mashambani kwenda kwenye viwanda kama Mponde na Herkulu. Jani la chai lililochumwa halingoji mtu. Likilundikana kwenye bodi ya lori kwa saa nyingi hupata joto, huanza kugeuka rangi kabla ya wakati wake, na ubora wake unakuwa umekwisha. Hedi ikipasuka katikati ya njia, hasara humfikia mkulima kabla haijamfikia mwenye gari.

Reli iliyoishia chini

Mwaka 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga kuelekea bara. Mwaka huohuo, huko kwao Ujerumani, mhandisi Rudolf Diesel alipewa hataza ya injini ambayo hadi leo tunaiita kwa jina lake. Reli ilifika Mombo mwaka 1905. Mwaka huo tena, mhandisi wa Uswisi aitwaye Alfred Büchi aliandikisha hataza ya wazo lake la kuutumia moshi unaotoka kwenye injini kuisukumia injini ileile hewa zaidi. Wazo hilo ndilo tabo ya leo.

Reli haikuupanda mlima. Ilipita chini yake ikaendelea hadi Moshi, na watu wa Vuga, Soni na Bumbuli wakaendelea kushusha mazao yao vichwani na mabegani. Kazi ya kupanda ilikuja kuangukia lori. Ndiyo maana naiona miaka ile miwili kama iliandikwa kwa ajili ya milima yetu. Diesel alileta injini ya kubeba mzigo. Büchi alitambua kwamba injini hiyo, kama ilivyo kwa mbebaji wa miguu, nguvu zake zina mpaka, na mpaka huo ni kiasi cha hewa inachoweza kuvuta.

Mapipa 21 kwa dakika

Tuchukue mfano wa injini inayojulikana na kila fundi wa malori madogo nchini, 4D33 ya Mitsubishi, iliyofungwa kwenye Canter nyingi na isiyo na tabo. Ujazo wake ni lita 4.2. Injini ya namna hii huvuta hewa ya ujazo wake wote mara moja katika kila mizunguko miwili ya kranki. Ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, huvuta mara 1,000, yaani lita 4,200 za hewa, sawa na mapipa 21 ya lita 200, kila dakika.

Hiyo ni hesabu ya karatasini. Hewa nayo ina uzito, huchelewa kwenye filta, kwenye kona za bomba, na zaidi kwenye mlango mwembamba wa valvu. Injini nzima, isiyo na hitilafu, hupata labda mapipa 17 au 18. Iliyochoka hupata pungufu ya hapo. Na lita moja tu ya dizeli huhitaji hewa isiyopungua lita 10,000 ili iungue yote, kwa hewa ya pwani. Injini ya dizeli hata hivyo haichomi vizuri kwa kiasi hichohicho kamili; inataka na ziada juu yake.

Sasa tupande. Mombo iko karibu mita 400 juu ya usawa wa bahari. Soni na Bumbuli ziko karibu mita 1,200, na Lushoto mjini karibu 1,400. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupungua uzito kwa karibu sehemu moja ya kumi. Mapipa yatakuwa idadi ileile, lakini kilichomo ndani yake ni kidogo. Pampu nyingi za zamani za dizeli hazina habari na jambo hilo. Hupima mafuta mlimani kama zilivyopima Tanga ufukweni, na dizeli iliyokosa hewa ya kuichoma hutoka ikiwa masizi. Moshi mweusi wa kona za Soni ni mafuta yaliyolipiwa kituoni, yakapanda mlima kama abiria, yasisukume hata tairi moja.

Kwa sababu hiyo, kuongeza mafuta kwenye injini isiyo na hewa ya kutosha ni sawa na kumshindilia chakula mtu anayehema. Nguvu haitoki. Kinachotoka ni joto, na joto hilo huenda kuishia kwenye hedi.

Kuisafisha njia ya hewa

Kazi ya kwanza haina sifa na haihitaji spea ya gharama, ndiyo maana hurukwa. Ni filta. Wakati wa kiangazi barabara za udongo za Bumbuli hutoa vumbi jekundu, laini kama unga, na filta hujaa haraka. Desturi ya kuigonga kwenye tairi, au kuipuliza kwa kompresa yenye upepo mkali, huipasua karatasi yake mahali ambapo jicho halioni. Vumbi linalopenya hapo ni msasa. Linasaga ringi na laina kidogo kidogo hadi injini ianze kula oili. Njia ya kulijua tundu ni rahisi. Ingia gizani, tumbukiza tochi ndani ya filta, uizungushe taratibu. Mwanga ukichoma kama sindano, filta hiyo haifai tena.

Baada ya filta kuna mpira unaopeleka hewa kwenye manifodi. Mpira uliochanika au klipu iliyolegea hufanya filta nzima kuwa pambo, kwa sababu injini inavuta hewa yenye vumbi kupitia pale. Fundi mwangalifu huushika mpira huo, huukunja, na kutazama mikunjo yake yote kabla hajagusa kitu kingine.

Jambo la pili ni mahali hewa inapochukuliwa. Malori mengi yalitoka kiwandani na bomba la hewa lililopandishwa nyuma ya kibanda cha dereva, juu, mbali na joto. Bomba hilo likivunjika, mara nyingi halirudishwi, na injini huanza kuvuta hewa ya chini, iliyopashwa moto na eksozi na rejeta. Kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hupunguza uzito wa hewa kwa asilimia 3 hivi. Mlima unatunyang'anya sehemu ya hewa kwa urefu wake, lakini unaturudishia kiasi chake kwa baridi yake. Anayeliacha bomba limevunjika anaikataa zawadi hiyo. Kulirudisha bomba juu, likiwa na kofia ya kuzuia mvua, ni maboresho ya kweli ya injini ingawa halipigi kelele wala halimeremeti.

La tatu ni maungio kati ya manifodi na hedi. Manifodi ikiisha kufunguliwa, weka gasketi mpya juu ya uso wa hedi na utazame kama matundu yanalingana. Mara nyingi tundu la manifodi huwa na ukingo unaojitokeza milimita moja au mbili ndani ya njia. Kwa hewa inayokwenda kasi, ukingo huo ni kama jiwe katikati ya mfereji. Kuuondoa kwa tupa, taratibu, hadi njia iwe moja, ni kazi ya nusu siku.

Hapa lakini pana mtego ambao umewaharibia wengi. Mafundi vijana husikia kwamba magari ya mashindano hupanuliwa matundu ya hedi na kung'arishwa ndani hadi yawe kioo. Hiyo ni kazi ya injini za petroli za kukimbia. Katika injini ya dizeli inayopuliza mafuta moja kwa moja juu ya pistoni, kama hiyo 4D33, tundu la hewa limepindwa makusudi ili hewa iingie ikizunguka kama kisulisuli. Kisulisuli hicho ndicho kinachoichanganya dizeli na hewa katika muda mfupi kuliko kufumba jicho. Ukiukwangua mpindo huo kwa mashine, hewa itaingia nyingi kidogo lakini itaingia ikiwa imetulia, mafuta hayatachanganyika, na moshi utazidi kuliko mwanzo. Ondoa ukingo wa maungio, usiiguse shingo ya tundu. Aliyeichora shingo hiyo alikuwa na sababu.

Hedi na maji ya mlimani

Kila mama wa Lushoto anajua kwamba maharage huchukua muda mrefu kuiva huku kuliko Tanga mjini. Sababu ni kwamba maji ya mlimani huchemka mapema. Katika mita 1,400 huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, kwa hiyo sufuria haiwezi kupata joto la pwani. Jambo linaloyachelewesha maharage ndilo linaloua hedi za malori. Maji ya rejeta nayo yanataka kuchemka mapema, tena katika saa ileile ambayo injini inafanya kazi ngumu kuliko zote, kwa mwendo mdogo usioleta upepo wa kutosha kwenye rejeta.

Kinachoyazuia yasichemke ni mfuniko wa rejeta, ambao hushikilia mgandamizo ndani ya mfumo. Mfuniko wenye mpira uliokatika, au uliofungwa kwa kitambaa na mfuko wa plastiki, hauna mgandamizo wowote wa kushikilia. Pamoja nao huenda themostati, ambayo katika gereji nyingi hutolewa na kutupwa kwa imani kwamba maji yatapita vizuri zaidi. Katika injini nyingi themostati ikifunguka huziba na njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi, na sehemu ya maji hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Gari linaendeshwa likiwa baridi kwenye tambarare ya Mombo, na huchemka kwenye kona za juu.

Kisha kuna kijito. Milima ya Usambara imejaliwa maji kila bonde, na dereva ambaye gari limechemka huona neema ya Mungu iko hatua kumi tu. Anajaza dumu, anafungua mfuniko, anamimina. Maji ya mlimani yenye baridi kali yanakutana na chuma kilichokaribia kuungua. Hedi hujikunja, au hupata ufa mwembamba kati ya valvu mbili, na tangu siku hiyo maji na oili huanza kutafutana. Kusubiri nusu saa injini ipoe, kisha kumimina kidogo kidogo huku inaunguruma taratibu, kunaokoa hedi nzima. Utingo afundishwe hilo siku ya kwanza ya kazi.

Hedi ikiisha kuvuliwa, ndipo fundi mzuri hutofautiana na fundi wa haraka. Wa haraka hununua gasketi, hupaka gundi, hufunga, na gari huondoka jioni. Baada ya majuma machache linarudi. Fundi mzuri huisafisha hedi, hulaza juu yake rula ya chuma iliyonyooka kwa urefu, kwa upana na kwa pembe zote mbili, na kujaribu kuingiza fila, kile kibamba chembamba cha kupimia pengo, chini yake. Watengenezaji wengi wa injini huweka mpaka wa kupinda usiozidi sehemu moja au mbili za kumi za milimita. Ni unene wa karatasi moja au mbili za daftari. Jicho peke yake halilioni pengo hilo, ila moto wa silinda unaliona.

Hedi iliyopinda hupelekwa kwenye karakana ya mashine ili iskimiwe, yaani uso wake uchongwe hadi unyooke. Kabla ya kuskimu, ipimwe nyufa kwa kuzibwa njia zake za maji, kutiwa upepo wa mgandamizo na kuzamishwa majini. Mapovu yatakapotokea ndipo penye ufa. Hakuna maana ya kuusawazisha uso wa hedi iliyokwisha kufa. Na baada ya kuskimu kuna jambo ambalo lisipokumbukwa, kazi yote imeharibika. Uso wa hedi ukishuka, valvu huwa zimesogea karibu na pistoni. Siti za valvu lazima zichongwe tena ili valvu zirudi ndani kwa kina kilichoandikwa na mtengenezaji. Zikibaki nje, zitagonga pistoni. Zikizama mno, hewa itanyongwa mlangoni na kompresheni itashuka.

Valvu zenyewe ndizo milango ya pumzi, na kuzisaga ndiyo kazi inayorudisha nguvu nyingi kwa gharama ndogo. Valvu inayovuja kidogo hupoteza hewa ambayo injini imehangaika kuivuta. Asubuhi ya baridi ya Bumbuli, lori lenye valvu zinazovuja haliwaki mpaka lisukumwe. Fundi huisaga kila valvu kwenye siti yake hadi uonekane utepe mmoja wa kijivu usiokatika, kisha humimina mafuta ya taa kwenye tundu na kungoja. Yakivuja, hurudia. Springi hupimwa urefu, gaidi za valvu hupimwa uchezaji, na mpira wa oili kwenye shina la valvu hubadilishwa, maana ni wa bei ndogo na kuuacha wa zamani ni kujikaribishia moshi wa bluu.

Mwisho ni kukaza. Bolti za hedi zina mpangilio wake, kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua, kwa spana ya torki. Mkono wa fundi aliyezoea unajua mengi, lakini mkono wa asubuhi na mkono wa jioni haukazi sawa. Bolti moja iliyolegea kati ya zote ndipo gasketi itakapoungulia.

Landrova na petroli isiyo na risasi

Wenye Landrova za zamani za petroli wana hadithi yao. Injini ya lita 2.25 ya magari hayo ilitengenezwa na hedi za aina mbili, moja yenye mgandamizo wa 7 kwa 1 na nyingine ya 8 kwa 1. Mlimani, hedi ya 8 kwa 1 ina faida ya pekee. Hewa nyepesi hugandamizika kwa upole, kwa hiyo hatari ya injini kugonga kwa petroli ya kawaida ni ndogo kuliko pwani, na mgandamizo wa ziada hurudisha sehemu ya nguvu iliyochukuliwa na urefu wa mlima. Gari linaloshuka Tanga mara kwa mara lirekebishwe taiming kwa kuzingatia hali ya kule.

Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yenye risasi kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006. Ulikuwa ushindi mkubwa kwa afya za watoto wetu. Lakini risasi ile ilikuwa pia inazilinda siti za valvu za eksozi katika injini nyingi za zamani. Anayeifungua leo hedi ya petroli ya miaka hiyo aangalie kama siti zimezama, na kama zimezama azitie pete za chuma kigumu. Akishafanya hivyo, hatarudia tena.

Tabo: zawadi yenye masharti

Huja swali la tabo. Mwenye Canter anaona jirani yake aliyefunga injini ya 4D34 yenye tabo anapanda na gia ya tatu mahali ambapo yeye anahangaika na ya pili, na moyo unamuuma. Ni kweli kwamba tabo ndiyo dawa hasa ya mlima. Inairudisha hewa iliyopotea na kuongeza nyingine juu yake, na ndiyo sababu injini yenye tabo haioni tofauti kubwa kati ya Mombo na Soni.

Lakini kuifunga tabo kwenye injini iliyozaliwa bila tabo ni kuitwisha mzigo ambao mifupa yake haikuandaliwa. Injini nyingi za tabo hupulizia oili chini ya pistoni ili kuzipoza, na mara nyingi pistoni zake, gasketi yake na valvu zake za eksozi ni za madini mengine. Katika injini zenye chumba cha kuwashia mafuta ndani ya hedi, kama 1HZ ya Land Cruiser, ukuta mwembamba kati ya chumba hicho na valvu ndio wa kwanza kupasuka joto likizidi. Anayeamua kufunga, aipange isukume hewa kwa mgandamizo wa kiasi, aweke geji ya joto la eksozi mbele ya macho ya dereva, asiongeze mafuta hata tone kabla hajaona hewa imeongezeka kiasi gani, na ampe dereva desturi ya kuiacha injini iungurume taratibu dakika mbili tatu kabla ya kuizima, ili oili iipoze tabo. Asiyeweza kuyatimiza hayo, ni heri anunue injini kamili ya tabo iliyotumika lakini iliyopimwa kompresheni, kuliko kuibebesha ya zamani.

Na hata huyo ataikuta kazi ileile ya filta, mpira, mfuniko wa rejeta na rula ya chuma. Tabo inayovuta hewa yenye vumbi hufa mapema kuliko injini yenyewe.

Vipimo viletwe mlimani

Nimetaja vifaa vingi vya kupimia, na huo ndio moyo wa jambo. Fila, rula ya chuma, geji ya kompresheni na spana ya torki, vyote kwa pamoja, havifikii gharama ya hedi moja iliyopasuka pamoja na siku ambazo lori limelala. Mafundi wetu wa mlimani hawana upungufu wa akili wala wa bidii. Wanafungua injini nzima juu ya turubai, mvua ikinyesha, na wanaifunga ikawaka. Walichonyimwa ni vipimo, na karakana iliyo karibu. Hedi inayohitaji kuskimiwa husafiri hadi mjini, na kila safari ni gharama inayomshawishi mwenye gari aseme, fundi, paka gundi tu tufunge.

Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana mafundi wa Bumbuli kinachoomba fedha hizo kununua mashine ya kuskimu na chombo cha kupimia nyufa kinaomba kitu kitakachomgusa mkulima wa chai wa Mponde, muuza kabichi wa Soni na mjenzi wa Mgwashi anayesubiri saruji. Wenye malori nao wakichangishana, hawatakuwa wamemsaidia fundi peke yake. Watakuwa wamepunguza dizeli wanayoichoma bure kila siku mlimani.

Ipo pia sababu nyingine, ya afya. Mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu bila shaka. Wanaouvuta kwa karibu kuliko wote hapa kwetu hawana lori wala mzigo ndani yake. Wako pembezoni mwa barabara, na mabegi ya shule mgongoni.

Kwa hiyo fundi anapoilaza rula juu ya hedi, akaweka tochi upande wa pili, akainama kutafuta mwanga unaopenya chini yake, anafanya kazi ya watu wengi wasiomjua. Akiukuta mwanga, aseme ukweli, na mwenye gari akubali kungoja siku mbili. Siku lori hilo litakaporudi barabarani, watu wa kando ya njia watalitambua kwa sikio kama kawaida yao. Litapanda na saruji yake kwa gia ya pili, mlio mmoja usiokohoa, utingo amekaa ndani. Na mtoto anayekwenda shule atasogea pembeni kulipisha, aendelee na safari yake bila kuigusa kola ya shati.